Nilidhani Bitana ni mpole

Sungura wangu anaitwa Bitana. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Kihonda, Morogoro, na jina hilo lilikuja lenyewe siku nilipomshika mara ya kwanza, maana manyoya yake ni kijivu kilekile cha kitambaa tunachoweka ndani ya koti, upande ambao watu hawauoni. Nilimleta nyumbani kwenye tenga la kuku mwishoni mwa 2021. Kwa miezi miwili ya mwanzo kila aliyeingia kupimwa nguo alimtazama akasema maneno yaleyale: "Sungura wako mpole huyo!" Nami nikaitikia. Moyoni nilifurahi kama mzazi anayesifiwa mtoto.

Alitoka kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu. Mwalimu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akaiweka kwenye mradi wa sungura, kama walivyofanya wengi miaka ile. Unanunua vizimba na sungura wa mbegu, unaahidiwa kwamba watoto wakifikisha uzito fulani gari litapita kuwachukua, na hesabu unapigiwa hapohapo kwenye karatasi. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi, akazaa watoto sita, wanane, pengine zaidi, na akizaa tu anaweza kupandwa tena. Ukiandika hivyo kwenye karatasi pesa zinaonekana. Gari lilipita mara mbili. Mara ya tatu halikuja, simu zikawa hazipokelewi, na Mwalimu akabaki na sungura zaidi ya 60 wanaotaka kula asubuhi na jioni.

Aliuza kwa bei ya hasara, akagawia ndugu, wengine akawachinja. Sina ugomvi na hilo. Nyama ya sungura nimeila na ni nzuri. Siku niliyompelekea suruali yake niliyoipunguza kiuno nilimkuta uani akivunja vizimba ili auze mbao na waya. Kimoja kilikuwa bado kina mnyama.

"Na huyu, Mwalimu?"

"Huyo ana ugonjwa wa masikio, mwanangu. Nani atamtaka? Hata kumla watu wanaogopa. Kesho kijana atakuja ammalize."

Nikainama. Sungura alikuwa amejibana kwenye kona, masikio yamelala, macho wazi, pua tu ndiyo inacheza. Hakunikimbia nilipoingiza mkono. Nikasema, "Basi nipe mimi." Mwalimu akaniuliza nitamfanyia nini, na kwa kweli sikuwa na jibu. Pesa alikataa. Suruali ile nayo sikumtoza.

Nyumbani, binti yangu wa darasa la nne alimpokea kama mtoto mchanga. Alimbeba, akamlaza chali mapajani, miguu minne juu. Bitana akatulia kabisa, hatikisiki, na sisi tukampiga picha tukawatumia shangazi zake. Nikiitazama picha ile leo najisikia vibaya. Mnyama anayewindwa, akishapinduliwa na kushindwa kujinasua, mwili wake hukakamaa kama wa mfu. Ni njia ya mwisho iliyobaki kwake. Tulikuwa tunambembeleza mnyama anayeamini kwamba ameshakamatwa.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Ndani ya masikio yake kulijaa ukoko wa kahawia, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko wa wali uliogandia sufuria. Nikachukua pamba na mafuta ya nazi nikaanza kubandua. Damu ikatoka. Bitana hakulia, hakuruka, alifumba macho nusu tu, nami nikajiambia kwamba anaelewa ninamsaidia. Nikaendelea na sikio la pili.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya tatu, kijana aliyesomea hapahapa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe wa maziwa na kuku wa watu. Aliangalia masikio akaniuliza kwa upole, "Mama, ulibandua?" Nikasema ndiyo. Akanieleza kwamba ule ukoko ni kazi ya utitiri, wadudu wadogo mno wanaoishi ndani ya sikio, na kwamba chini yake pana nyama mbichi. Ukibandua ni kama kumchuna mtu kidonda bila ganzi. Dawa ni sindano ya ivermectin kwa kipimo cha uzito wake, na kurudia baada ya wiki mbili. Ukoko utadondoka wenyewe. Na kweli ulidondoka. Asubuhi moja niliukuta sakafuni, kipande kizima chenye umbo la ndani ya sikio.

Nikamwambia daktari kwamba nilishangaa hakulia hata kidogo. Jibu lake nimelishika mpaka leo. "Huyu chakula chake ni majani na yeye ni chakula cha kila mtu. Akionyesha kwamba anaumwa, mwewe anamchagua yeye kwanza. Kwa hiyo haonyeshi. Ukimwona ametulia sana, usimsifie. Mkague."

Akamgeuza miguu. Sungura hana vitanga vigumu chini ya unyayo kama mbwa na paka, anakanyagia manyoya tu. Miaka ya kukaa juu ya waya ilikuwa imemla manyoya yale, ngozi ya visigino imekuwa nyekundu na kupasuka. Kucha zilikuwa zimepinda kama ndoano. Daktari alizikata akinionyesha mahali mshipa wa damu unapoishia, kisha akaniambia nitoe waya wote, nimpe sakafu iliyotandikwa nyasi. Mwisho akanionya kuhusu dawa. Nisijaribu kumpa amoksilini ya kunywa wala jamii ya penisilini kwa mdomo, hata nikiona ana usaha. Sungura anaishi kwa wadudu wema walio tumboni mwake, na dawa hizo zikipita mdomoni huwaua wale wema wakabaki wabaya, mnyama akafa kwa kuhara. Mtaani kwetu amoksilini iko kwenye kila kabati, kwa hiyo neno hilo namwambia kila anayeniuliza habari za sungura kabla sijamwambia jingine lolote.

Chakula nacho tulikuwa tunakosea. Kila mgeni alikuja na karoti, kwa sababu kwenye vitabu vya watoto sungura ameshika karoti. Karoti ina sukari nyingi. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara mojamoja, kinatosha. Anachohitaji ni nyasi, usiku na mchana, na nyasi hizo ziwe sehemu kubwa ya kila anachokula. Ana meno 28 na yote yanakua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka milimita mbili hivi kila wiki. Nyasi kavu ndizo tupa yake. Asipotafuna vya kutosha meno hurefuka, yakapindana, yakaanza kuchoma ulimi na mashavu. Siku hizi nanunua robota la nyasi kwa wafugaji wa ng'ombe, linakaa mwezi na zaidi, na juu yake naongeza matembele na kishona nguo kinachoota chenyewe nyuma ya nyumba. Majani ya barabarani simpi, yana moshi wa magari na mkojo wa mbwa. Ya mparachichi ni sumu kwake. Ya nyanya na ya viazi mviringo pia simpi.

Binti yangu alikuja mbio asubuhi moja akilia kwamba Bitana anakula mavi yake mwenyewe. Ni kweli anakula, na ni lazima ale. Sungura hutoa aina mbili. Kuna vile vikavu vya mviringo, ukubwa wa dengu, ambavyo ndivyo uchafu, na kuna vingine laini, vimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu, ambavyo huvichukua kwa mdomo palepale vinapotoka. Ndani yake mna vitamini na protini ambazo tumbo lilitengeneza lakini halikuwahi kuzifyonza mara ya kwanza. Ng'ombe anacheua, sungura anafanya hivi. Nilipomweleza hivyo alifuta machozi akaenda kumtazama tena, safari hii kwa heshima.

Mtoto huyu alitarajia Sungura wa hadithi, yule anayemzidi Fisi akili. Nilipouliza na kusoma nikagundua kwamba hata hadithi zetu hazimhusu Bitana. Sungura wa hadithi ni yule wa porini kwetu, anayezaliwa juu ya ardhi, ana manyoya tayari na macho wazi, na tegemeo lake ni mbio. Ukoo wa Bitana ulitoka Hispania na Ureno. Hao huzaliwa uchi na vipofu ndani ya shimo, na wakiogopa hukimbilia shimoni. Mimi nilikuwa nimemweka katikati ya chumba cha kushonea, mwanga kila upande, watu wanapita, cherehani inalia, nikidhani nampa nafasi. Nilichukua sanduku la mbao nikalitoboa matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, maana shimo lenye mlango mmoja ni mtego. Aliingia siku hiyohiyo. Akakaa humo siku nne, anatoka usiku tu kula.

Wateja wakaanza kuuliza, yule sungura mpole yuko wapi?

Nilichofanya baada ya hapo ni kukaa chini. Kazi zote za mkono, kukunja pindo, kupiga vifungo, nikazihamishia kwenye mkeka, karibu na sanduku, simwiti wala simgusi. Ilichukua wiki kadhaa. Kwanza pua kwenye tundu. Kisha kichwa. Kisha usiku mmoja, umeme umekatika, nashona kwa taa ya kuchaji, nikahisi sharubu kwenye mguu wangu. Alinusa kisigino, akanusa mkasi, akafika kwenye kopo la vifungo akalisugua kwa kidevu chake mara mbili, tatu. Chini ya kidevu ana tezi ya harufu, na akisugua kitu amekiandika kuwa chake. Nilibana pumzi. Kisha akausugua na mguu wangu.

Nilijifunza pia mkono unaingilia wapi. Macho yake yako pembeni, anaona karibu mzunguko mzima, juu na nyuma, lakini mbele kabisa ya pua yake na chini ya kidevu haoni. Na sisi sote tukimwendea mnyama tunamnyooshea vidole hapohapo. Kwake ni kitu kinachotokea ghafla kutoka gizani. Sasa mkono unatoka pembeni, anauona, unatua kwenye paji la uso.

Mwezi wa pili ukiisha, Bitana akawa, kwa maneno ya binti yangu, mbaya. Paka wa jirani alipanda dirishani, na kishindo kilichopigwa sakafuni nilidhani kuna kitu kimeanguka. Ni mguu wake wa nyuma. Alipiga tena, na tena, mpaka paka akashuka. Nilipochelewesha matembele aliniuma shavu la mguu, siyo kwa kunitoa damu, ila kwa kuniambia tu. Alitafuna waya wa pasi (kwa bahati pasi haikuwa kwenye umeme), na tangu hapo nyaya zote zimepita ndani ya bomba la plastiki. Alikataa kubebwa, akinyanyuliwa alipiga teke. Kwa hilo sikumbishia. Mifupa ya sungura ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kupita mifupa yenyewe, akipiga teke vibaya hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Tuliacha kumbeba. Anayetaka kuwa naye anakaa chini.

"Mama, mbona zamani alikuwa mzuri?" binti yangu aliniuliza. Nikamwambia zamani alikuwa anaogopa mpaka hawezi hata kukataa. Sasa anakataa. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, ila nilipokwisha sema nilijua ndilo lililokuwa limenikaa kifuani wiki zote zile.

Ramadhani ya 2022 ilipofika kwenye kumi la mwisho nilikuwa na nguo za Idi zaidi ya 40 na mikono miwili. Mafundi wenzangu wanajua hali hiyo. Nilikuwa nalala saa tatu kwa siku, na kufagia nikakuacha. Asubuhi moja nilipoinua trei yake niliona vidonge vya kinyesi vimepungua na kuwa vidogo kama mbegu za mpapai, viwili vimeunganishwa na uzi. Nikasema nitamwangalia nikimaliza gauni hili. Mchana trei ilikuwa vilevile, matembele hayajaguswa. Bitana amejikunyata kwenye kona ya chumba, ile kona ya siku ya kwanza, masikio yamelala.

Mama yangu mdogo alikuwa amekuja kuchukua dira lake. Akasema, "Leo katulia, mpole kweli."

Neno lile lilinisimamisha. Nilizima cherehani nikapiga magoti, nikasogeza sikio karibu. Alikuwa anasaga meno. Akiwa na raha husaga taratibu, unahisi tu mtetemo ukimshika mashavu. Hii ilikuwa ya nguvu, kama mtu anayekwaruza mawe. Nikampigia daktari hapohapo. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja ya kutokea, na tumbo lake likisimama gesi hujaa, maumivu humzuia kula, na kutokula kunazidi kulisimamisha. Saa 12 bila kula ni dharura.

Daktari alimpapasa tumbo kwa muda mrefu. Alihofia utumbo kuziba kabisa, kwa sababu ukiziba dawa ya kuusukuma inaweza kuupasua. Aliporidhika kwamba haujaziba alimchoma ya maumivu, akampa maji chini ya ngozi ya mgongo, kisha dawa ya kuamsha tumbo. Kilichobaki kilikuwa changu. Nyasi kavu zilizotwangwa zikachekechwa, zikachanganywa na chakula chake cha punje kilicholowekwa, uji mwepesi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, kidogokidogo ili asipaliwe. Kila baada ya saa tatu. Katikati yake kumsugua tumbo kwa vidole viwili, na kumfunika kanga kwa sababu masikio yalikuwa ya baridi.

Binti yangu alikataa kulala. Tulikaa mkekani sisi watatu, nguo za watu zimening'inia juu yetu kama watu waliosimama kutungoja. Saa nane ya usiku alikataa uji, akausukuma kwa ulimi. Nilidhani ndiyo mwisho. Saa kumi na moja, adhana ya alfajiri ikianza, alijinyoosha, akasogea hatua mbili, na nyuma yake kikabaki kidonge kimoja. Nilikichukua nikakiweka kwenye kiganja chini ya taa. Kigumu, kidogo, na katikati yake umepita uzi wa kijani. Nilitambua uzi ule. Ulikuwa wa gauni la Idi la binti wa mteja wangu, niliukata mwenyewe nikauacha udondoke. Nililia, na sikuona haya mbele ya mtoto.

Nguo sita hazikumalizika kwa wakati. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wawili walikasirika na mmoja hajarudi kwangu mpaka leo, na ana haki yake. Tangu siku hiyo sakafu yangu inafagiwa kila ninapobadilisha uzi, na trei naihesabu asubuhi kabla sijanywa chai. Joto la Desemba hadi Februari nalo lina kazi yake. Sungura hatoi jasho, masikio ndiyo yanayompoza, na joto likizidi nyuzi 28 huanza kuteseka. Nagandisha maji kwenye chupa za plastiki, naivingirisha moja kwenye kipande cha khanga na kumlazia ubavuni. Hujiegemeza kwayo mchana kutwa. Kitu ambacho bado sijakiweka sawa ni upweke wake. Sungura huishi na wenzake, na mimi sitaki watoto 60 uani. Daktari ameahidi kunihasia dume nikimpata, kisha akae mbali naye wiki kadhaa kabla sijawakutanisha.

Mwalimu hakuwa amewahi kuingia kumwona. Nadhani ilimuuma. Alikuja mwaka jana kuleta koti la harusi ya mjukuu wake, akakaa kwenye benchi nikimpima mabega. Bitana alitoka kwenye sanduku lake, akazunguka miguu ya benchi akiinusa, kisha akakimbia urefu wa chumba, akaruka akajipinda hewani, kichwa huku na miguu kule. Alipotua alisimama katikati ya chumba na kujibwaga ubavu, pu, miguu imenyooka, tumbo jeupe nje.

Mwalimu aliinuka kwa kasi. "Amekufa!"

"Hapana, Mwalimu. Amelala. Ndivyo wanavyolala wakiwa na raha."

Alibaki amesimama, futi yangu ya kupimia inaning'inia begani mwake. Bitana alifumbua jicho moja, akalifumba. Mwalimu alikaa taratibu, akamtazama muda mrefu.

"Nilikuwa nao zaidi ya 60," akasema. "Sikuwahi kumwona hata mmoja akilala hivi."